Mkanda kwenye Gari la Babu

Neno "ajali" tulilipata kutoka Kiarabu, na kule lilikotoka halikuhusu magari. Lilimaanisha muda uliowekwa: saa ya mtu kuondoka duniani, ambayo haisogezwi mbele wala nyuma. Kiswahili cha zamani kililitumia hivyo. Mzee aliyesema ajali ya fulani imefika alimaanisha kwamba siku zake zimekwisha, hata kama amefia kitandani kwake. Magari yalipokuja, tukalipa neno hilohilo kazi ya pili, ya kutaja kinachotokea breki zikikataa mteremkoni.

Ndiyo maana methali "ajali haina kinga" inasema mambo mawili kwa mdomo mmoja. Kwa maana ya zamani ni kweli tupu. Hakuna aliyewahi kuikinga siku yake. Kwa maana ya leo si kweli hata kidogo. Ajali ya barabarani ina kinga nyingi, zina bei, na zinauzwa madukani. Mtu anayeitamka methali hii baada ya gari kupinduka anaweza kuwa anamfariji aliyeumia, na anaweza pia kuwa anajificha. Maneno ni yaleyale.

Nimeifikiria sana methali hii mwaka huu kwa sababu ya gari moja la Kiomboi, wilayani Iramba, ambalo familia yetu ililazimika kuamua kama lifungwe mikanda ya usalama au libaki lilivyo.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, ile ndefu, 109. Babu aliinunua ikiwa imeshatumika, na alipofariki mjomba akairithi pamoja na njia zake. Ukiiacha barabara kuu ya Singida kwenda Nzega pale Misigiri na kuingia Kiomboi, safari haina shida. Kazi inaanza unapotaka kwenda vijijini wakati wa masika, udongo umelegea na Noah zote zimeegeshwa. Hapo ndipo Land Rover inapopata heshima yake. Inabeba walimu, magunia ya alizeti, kuku kwenye matenga, wanafunzi na masanduku yao ya bati, na wagonjwa wanaokwenda hospitali ya wilaya. Mbele wanakaa watatu pamoja na dereva. Nyuma kuna mabenchi mawili yanayotazamana, watu wamegusana magoti, na mizigo imejazwa katikati yao. Siku ya mnada watu kumi na wanne si ajabu.

Machi, bomba la breki lilipasuka mteremkoni. Mjomba alikanyaga, pedali ikaenda hadi sakafuni. Aliona korongo kushoto na shamba la alizeti kulia, akachagua alizeti, na gari likasimama lilipogonga tuta. Hakuna aliyekufa. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, alirushwa kutoka benchi la nyuma hadi kwenye ukuta wa kebini, akavunjika mfupa wa bega. Mjomba aligharamia matibabu yake yote bila kuombwa. Pasaka ilipofika na sote tukawa nyumbani, aliliweka swali mezani: gari litengenezwe tu lirudi kazini, au liongezewe vitu ambavyo halikuzaliwa navyo?

Nilidhani jibu lingechukua dakika tano. Lilichukua siku tatu, na kila aliyepinga alikuwa na hoja inayostahili kujibiwa.

Wa kwanza alikuwa binamu yangu. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, msafara wa mamia ya magari ukapita mjini, na tangu hapo vijana wengi wameanza kuyatazama magari ya babu zao kwa jicho jingine. Binamu ni mmoja wao. Anajua kwamba Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, kwamba bodi yake ilifanywa ya alumini kwa sababu Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na kwamba ile ya mwisho ya ukoo huo ilitoka kiwandani Solihull Januari 2016, sheria mpya za moshi na usalama zikiwa miongoni mwa sababu za kuiaga. Kwake gari hili ni kumbukumbu ya babu na pia ni historia. "Ukianza kutoboa bodi na kuweka viti vya basi," alisema, "utabaki na jina tu. Gari la babu litakuwa limekufa."

Wanafalsafa wanalijua swali hili kwa jina la meli ya Theseus: ukibadilisha mbao moja baada ya nyingine hadi zote zikawa mpya, je, meli ni ileile? Iramba hatuhitaji meli kulielewa. Kila nyumba ina jembe la marehemu lililobadilishwa mpini mara tano, na bado linaitwa la marehemu. Lakini nilipokuwa nikimsikiliza binamu, kilichonivutia hakikuwa fumbo lenyewe. Gari la babu lilishabadilishwa zamani. Injini yake ya petroli ilitolewa miaka mingi iliyopita, ikawekwa ya dizeli ya Kijapani inayokula mafuta kidogo. Keria ya juu ilichomelewa gereji ili ibebe magunia zaidi. Mabenchi ya nyuma yalirefushwa ili wakae watu zaidi. Siku hizo hakuna aliyesema gari limekufa.

Ukiyapanga mabadiliko hayo yote kwenye mstari mmoja, unaona yanafanana kwa jambo moja: kila lililokubaliwa lilimwongezea mapato mwenye gari. Uhalisi wa gari ulikumbukwa siku mabadiliko yalipotaka kumlinda mtu mwingine. Simlaumu binamu kwa hili, kwa sababu nadhani ndivyo uhalisi unavyotumika mara nyingi, hata nje ya gereji. Tunautaja pale unapotugharimu kidogo na kumgharimu mwenzetu zaidi.

Huko Marekani mjadala huuhuu unafanyika juu ya magari ya miaka ya 1960 yenye injini kubwa na nguvu za kutisha. Ford Mustang za mwanzo, kwa mfano, zilitoka na breki zenye mzunguko mmoja wa mafuta, kama Land Rover nyingi za Series. Mzunguko ukivuja sehemu moja, magurudumu yote manne hupoteza breki kwa pamoja. Wapo wanaozihifadhi hadi rangi ya bolti, na wapo wanaozifunga breki za diski, masta yenye mizunguko miwili, na mikanda ya begani. Namwelewa mwenye Mustang anayekataa. Analitoa gari Jumapili asubuhi, yuko peke yake, anaijua hatari na ameichagua. Ningemkumbusha mwenda kwa miguu anayekatiza mbele yake, maana huyo hakuchagua. Lakini kwa mwili wake yeye mwenyewe, siwezi kumwamulia.

Land Rover ya Kiomboi haitoki Jumapili kutembezwa. Inatoza nauli, na hilo linabadilisha swali zima. Tena, hata tukikubali kulijadili kama historia, binamu ana historia nusu. Mkanda wa pointi tatu, ule unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa Volvo, na gari la kwanza kuuzwa nao, Volvo PV544, lilikabidhiwa Sweden Agosti 1959. Volvo iliuacha ubunifu huo wazi ili viwanda vingine viutumie. Miaka sita baadaye, 1965, Joginder Singh na kaka yake Jaswant walishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki kwa gari la aina hiyohiyo, PV544. Land Rover Series III ilianza kutengenezwa 1971. Kwa hiyo mkanda tunaouita wa kisasa ni mkubwa kwa gari la babu kwa miaka kumi na miwili. Ulichelewa tu kufika kwenye benchi la nyuma la Kiomboi.

Na wanaoyapenda magari ya zamani kuliko sisi sote, wale wa mbio za Safari Classic zilizoanza 2003 na ambazo zimekuwa zikipita Kenya na Tanzania, hawaingizi gari uwanjani bila fremu ya mabomba ya chuma ndani ya kebini na mikanda inayomfunga dereva kama mzigo. Hakuna anayesema ile Porsche 911 imekufa kwa sababu ina mabomba ndani. Wanasema iko hai kwa sababu inakimbia.

Wa pili kupinga alikuwa mjomba mwenyewe, ingawa ndiye aliyeleta swali. Hoja yake ilikuwa fupi: "Hili ni chuma. Hivi vigari vyenu vya siku hizi vikigongana vinakunjamana kama karatasi." Madereva wengi wanaamini hivyo, na macho yao yanawaunga mkono: gari jipya hukunjika pua kwa kugongwa kidogo, wakati Land Rover inaweza kugonga mti ikaondoka na mkwaruzo.

Mwaka 2009 taasisi ya Marekani ya bima inayochunguza usalama wa barabara kuu, IIHS, iliadhimisha miaka 50 yake kwa kuyagonganisha magari mawili uso kwa uso: Chevrolet Bel Air ya 1959, refu na zito, na Chevrolet Malibu ya 2009. Kwa hoja ya mjomba, la zamani lingeshinda. Ilikuwa kinyume. Kebini ya Bel Air iliporomoka juu ya sanamu iliyokaa kwenye kiti cha dereva, na vipimo vilionyesha kwamba mtu halisi asingepona. Pua ya Malibu ilikunjika hadi kwenye kioo, kebini ikabaki nzima, na dereva wake angeumia mguu.

Sababu yake kila mama anayesafirisha mayai kwenda Singida anaijua. Yai ukiliweka kwenye kopo la chuma tupu na kulipeleka juu ya barabara ya makorongo, kopo litafika salama. Yai ndilo litakalovunjika. Ukilipakia kwenye ndoo yenye pumba, ndoo inaweza hata kupasuka na yai likapona. Nguvu ya mgongano lazima iende mahali. Pua inayokunjika inaimeza nguvu hiyo polepole. Pua isiyokunjika inaipitisha yote hadi kwenye mifupa. Mkanda nao ni pumba ya aina yake: unampunguza mtu mwendo pamoja na gari badala ya kumwacha aendelee hadi akutane na chuma. Shirika la Afya Duniani linasema kuuvaa kunaweza kupunguza hatari ya kufa hadi nusu. Mama yule alivunjika bega kwa sababu hiyohiyo: gari lilisimama, yeye hakusimama.

Mjomba alisikiliza hadi mwisho, akakaa kimya, kisha akasema kwamba kweli amebeba makopo maisha yake yote.

Wa tatu alikuwa bibi. Yeye hakubishana kuhusu chuma. "Siku yangu ikifika," alisema, "hata ukinifunga kwa kamba ya katani nitakwenda." Nyumba ikanyamaza, kwa sababu hakuna anayetaka kubishana na mtu wa umri ule juu ya siku yake.

Sina ugomvi na imani ya bibi. Imani hiyohiyo haikumzuia kutupeleka chanjo, wala kufunika kisima, wala kufunga mlango wa zizi usiku. Jirani zetu Waislamu wanayo mafundisho ya kumfunga ngamia kwanza, kisha ndipo kumtegemea Mungu, na Walutheri wa Kiomboi wanafanya vilevile hata kama hawana ngamia. Kuamini kwamba saa imepangwa hakujawahi kumaanisha kuacha shimo wazi njiani.

Lakini kuna tofauti nyingine ambayo naiona ndiyo kiini cha suala lote. Bibi anasema "siku yangu". Anazungumza juu ya roho yake, na ana haki. Dereva akisimama kando ya gari lililopinduka na kusema "siku yake ilikuwa imefika", anatumia maneno ya bibi kwa roho isiyokuwa yake. Kwa nafsi yako, kauli hiyo ni unyenyekevu. Ukiitumia kwa mtu uliyempokea nauli ukampakia kwenye gari usilolikagua, umeacha kujibu swali uliloulizwa. Hapo ndipo maana mbili za "ajali" zinapochanganywa kwa faida ya mtu: amri ya Mungu inaitwa kuja kubeba kazi ya fundi wa breki.

Wa nne alikuwa shangazi, na yeye ndiye aliyenikosesha usingizi. Shangazi hafahamu lolote kuhusu Theseus au Chevrolet. Aliuliza: "Mkifunga hiyo mikanda, watakaa wangapi?"

Hesabu ilikuwa rahisi. Mkanda mmoja, mtu mmoja. Tena mabenchi yanayotazamana hayafai: mtu aliyekaa ubavu akifungwa kiunoni, gari likisimama ghafla kiwiliwili chake kinarushwa pembeni huku nyonga imeshikiliwa, na mgongo na shingo ndivyo vinavyolipa. Ili mkanda ufanye kazi, viti lazima vitazame mbele. Viti vikitazama mbele, na mizigo ikitengewa sehemu yake isiyoweza kuwarukia watu, gari la watu kumi na wanne linakuwa la watu tisa. Nauli ya shilingi 3,000 inabidi ipande. Na wale watano?

"Watapanda bodaboda," alijijibu shangazi. "Wawili wawili, na mtoto katikati. Au mjamzito atasubiri kesho. Mtakuwa mmewalinda wenye hela."

Hii si hofu ya kufikirika. Februari 2004 Kenya ilianza kutekeleza kanuni alizozisimamia Waziri wa Uchukuzi John Michuki: mikanda kwa kila abiria wa matatu, vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, idadi ya abiria isiyozidi viti. Siku za mwanzo magari mengi hayakuwa barabarani, nauli zikapanda, na watu wengi wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Utaratibu ulikuja baadaye, na wengi wanaukumbuka kwa shukrani. Lakini aliyelipa gharama ya wiki zile alikuwa yuleyule ambaye kanuni zilitungwa kumlinda. Duniani watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Ukimshusha mtu kwenye gari baya na kumweka kwenye pikipiki, takwimu za gari lako zitapendeza, naye hatakuwa salama zaidi.

Hapo ndipo fundi, kijana wa jirani, alipotoa suluhisho lililoelekea kuwaridhisha wote. Aache mabenchi yalivyo, achukue mikanda chakavu ya magari yaliyokatwa spea, aipige riveti kwenye bodi, mmoja kwa kila abiria, watu kumi na wanne na mikanda kumi na minne. Kazi ya siku moja. Trafiki wakija na stika zao za Wiki ya Nenda kwa Usalama, gari litapita likiwa limependeza.

Bodi ya Land Rover ni alumini nyembamba. Riveti kwenye alumini itashika mkanda siku zote isipokuwa ile sekunde moja mkanda unapohitajika. Siku hiyo itachomoka na kipande cha bati. Waliopanda matatu miaka iliyofuata baada ya 2004 wanaijua mikanda ya namna hii: imechakaa, haifungi, inavutwa kifuani na kushikwa kwa mkono mbele ya kizuizi cha polisi, kisha inaachiwa.

Ningependa tulione jambo hili kwa uzito wake. Gari lisilo na mkanda linasema kweli. Abiria analitazama, anaona benchi na bomba la kushikilia, anashikilia. Anaweza kuamua kushuka, au kumkumbatia mtoto, au kumwambia dereva apunguze mwendo. Mkanda wa uongo unamnyang'anya hata hicho kidogo. Anajifunga, anaacha kushikilia, analala. Tumemchukulia tahadhari yake na tumempa picha ya usalama. Kwa maoni yangu, kati ya kutokumlinda mtu na kumdanganya kwamba amelindwa, la pili ndilo kosa kubwa zaidi, kwa sababu la kwanza linamwachia nafasi ya kuchagua.

Nilipokuwa nikijaribu kulieleza hili kwa lugha ya darasani, niligundua Kiswahili kilishalieleza. Tuna neno "amana". Amana si zawadi wala mali yako. Ni kitu cha mtu ulichokabidhiwa kwa muda, ukirudishe kama ulivyokipokea. Mali yako unaweza kuihatarisha upendavyo. Ya mtu huwezi. Na amana ikiharibika, huulizwi ulikuwa na nia gani. Unaulizwa ulifanya nini kuitunza. Abiria ni amana kwa muda wa safari. Anakukabidhi mwili wake Ndago au kijijini kwake, nawe unatakiwa kuurudisha Kiomboi ukiwa na mabega mawili mazima.

Lakini amana haidai yasiyowezekana. Aliyepewa mbuzi wa mtu hatakiwi kumjengea zizi la zege. Anatakiwa kumlinda kama mtu mwaminifu angemlinda kwa uwezo alio nao, na kumwambia mwenyewe ukweli juu ya pale ambapo uwezo unaishia. Kwa kipimo hicho swali la gari la babu likawa na mpangilio. Kwanza ni kile kinachomlinda kila mtu, aliyemo ndani na aliyeko nje. Halafu ni kile kinachomlinda aliyemo ndani. Uzuri unakuja mwisho.

Kwa hiyo tulianza na breki. Masta yenye mizunguko miwili, ya Land Rover ya baadaye, pamoja na mabomba mapya kutoka mbele hadi nyuma, ili mzunguko mmoja ukivuja mwingine ubaki. Breki haichagui. Inamwokoa abiria, inamwokoa mtoto anayevusha mbuzi, na haipunguzi kiti hata kimoja. Hata shangazi hakuwa na la kupinga. Kisha tukakubaliana juu ya viti vinavyotazama mbele na mikanda iliyofungwa kwenye vyuma vipana vilivyoshikwa kwa bolti hadi kwenye chesisi. Watu tisa. Nauli 4,000, na mgonjwa anayekwenda hospitali analipa ileile ya zamani. Binamu alipewa kazi ya kuhakikisha hakuna tundu linalotobolewa mahali pasipo na ulazima, na mabenchi ya babu yamehifadhiwa stoo.

Mwezi wa sita jirani yetu alipanda tena. Hakukaa hadi alipouvuta mkanda mara mbili na kuuliza umeshikwa na nini. Mjomba alizima injini, akashuka, akamwinamisha chini ya gari akamwonyesha bolti na chesisi. Yule mama akapanda. Nadhani huo ndio mtihani mzuri kuliko stika yoyote: kama unaweza kumwonyesha abiria mahali ahadi yako ilipofungwa.

Mambo mawili bado hayajatulia. Moja ni mjomba, ambaye wiki ya kwanza alitania kwamba kwa breki hizi sasa mteremko ataushuka haraka. Mwaka 1975 mwanauchumi Sam Peltzman wa Chicago alidai kwamba madereva wanaopewa vifaa vya usalama huendesha kwa ujasiri zaidi, na faida ya waliomo ndani hulipwa na walioko nje. Wengi wamempinga kwa takwimu, na mikanda imeokoa watu wengi mno kwa dai hilo kuwa kweli lote. Hata hivyo utani wa mjomba haukunichekesha. Kinga ikigeuzwa kuwa ruhusa ya kukimbia, gharama yake anahamishiwa mtu mwenye baiskeli, ambaye hakuhudhuria kikao chetu.

La pili ni wale watano. Siku ya mnada wapo wanaobaki barabarani, na baadhi yao hupanda bodaboda kama shangazi alivyosema. Sijapata hoja ya kuwafuta. Ninachoweza kusema ni kwamba hawakuumbwa na mikanda yetu. Walikuwepo tangu zamani, wamefichwa ndani ya gari lililojaa, ambalo lilitufanya tuamini kwamba usafiri upo. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, karibu rika la gari la babu, na kwa miaka mingi watetezi wa usalama wamelalamika kwamba kifungu chake cha mikanda kinamtazama dereva na abiria wa mbele, kinamsahau wa nyuma. Nayo inatengenezwa kipande kwa kipande. Lakini hata ikikamilika itatuambia tu ni wangapi wasipakiwe. Haitawaletea gari la pili wanaobaki.

Kwa sasa shangazi ameanza kuandika kwenye daftari idadi ya wanaoachwa kila mnada, na kijiji wanachotoka. Anasema familia itakapokaa tena Krismasi ataanza yeye kuzungumza.